Kaka anataka fedha za safari ya mama zipitie kwa rafiki yake

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mtwara mjini. Nina miaka 41, nimeolewa na nina watoto watatu. Nakuandikia usiku, nyumba nzima imelala, maana jambo hili nalala nalo na naamka nalo, wiki ya pili sasa.

Mama yangu ana miaka 67. Anaishi kijijini, wilaya ya Tandahimba, na mikorosho aliyoachiwa na bibi ndiyo iliyotusomesha. Tangu nikiwa mdogo namsikia akisema kabla hajafa aione Makka. Mwaka huu Mungu ametufungulia njia. Kifurushi cha Umra cha mama tumelipa mimi na kaka, nusu kwa nusu. Changu nimelipa kwa akiba yangu, mume wangu akaongezea. Tunaondoka mwezi wa Rajabu shule zikiwa zimefungwa, siku 12, na zimebaki wiki sita. Tiketi, viza na hoteli vimo ndani ya kifurushi. Chakula na mengineyo ni juu yetu. Wakala ametuambia twende na dola, riyali tutazipata huko huko.

Mama amelipwa fedha zake za korosho na ametenga shilingi 3,000,000 ziwe matumizi yetu sote wawili huko. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Kaka anaishi Dar es Salaam. Anasema ana rafiki yake Kariakoo anayeuza dola moja kwa shilingi 2,540, wakati benki niliyoiuliza hapa Mtwara waliniambia 2,600. Anataka mama amtumie huyo rafiki milioni zote tatu kwa simu sasa hivi, halafu dola tukabidhiwe tukifika Dar, siku moja kabla ya ndege. Nilipouliza kuhusu risiti, kaka alipandisha sauti: "Kwa hiyo mimi ni mwizi?" Mama naye akasema mtoto wa kiume ndiye anayeyajua mambo ya mjini. Shangazi, mtu huyo huyo kaka aliwahi kumpa fedha amletee injini ya bodaboda. Injini ilikuja baada ya miezi saba. Ilikuja, siwezi kusema haikuja. Lakini ndege haitatusubiri miezi saba.

La pili ni dola za marehemu baba. Baba alikuwa baharia wa meli za mizigo, na mwanzoni mwa miaka ya tisini alimletea mama noti tatu za dola 100. Mama amezitunza ndani ya kopo la maziwa miaka yote hii, hata tulipolala njaa hakuzigusa. Anasema ni za Makka. Mwezi uliopita alikuja mjini nikampeleka benki moja. Yule dada wa dirishani akazitazama, akazirudisha, akasema hizi za vichwa vidogo hatupokei. Mama alizikunja, akazitia kibindoni, na hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani. Mpaka leo anahesabu dola zake 300 kama sehemu ya safari, na mimi nimeshindwa kumwambia asizihesabu.

La tatu ni maagizo. Nimeandika majina 23: kanzu, misala, mafuta mazuri, tende, abaya, maji ya Zamzam. Wanne tu ndio waliotoa fedha. Wengine wananiambia "usinisahau" na mama anawajibu "Inshaallah".

Jambo la mwisho hakuna anayelijua. Nilipoona majina yanaongezeka, nilikopa kwenye kikoba chetu shilingi 1,200,000. Nitarudisha 1,320,000 kwa miezi sita, yaani 220,000 kila mwezi. Mume wangu hajui, mama hajui. Fedha ziko ndani ya sanduku la nguo na sijazigusa.

Jirani ya mama naye kamtia hofu kwamba siku hizi ukikamatwa na dola uwanja wa ndege unafungwa. Mama anataka abebe kila kitu kiunoni mwake. Nilipomtajia kadi ya benki akaniambia fimbo ya mbali haiui nyoka.

Nikimpinga kaka, nitaivunja furaha ya safari na mama ataondoka na kinyongo. Nikinyamaza, naogopa tufike Dar mikono mitupu. Nifanyeje?

Binti wa Mkorosho, Mtwara

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa usiku huo, na hongera kwa kumfikisha mama hapa alipofika. Watoto wengi wana nia, wachache wanafika hata kwenye kulipia kifurushi.

Nikikuelewa vizuri, unaogopa mambo mawili na yote umeyafunga ndani ya fungu moja. Unaogopa fedha zipotee, na unaogopa undugu upotee. Kaka ameyaunganisha zaidi aliposema "mimi ni mwizi?", kwa sababu tangu hapo kila swali la fedha limekuwa swali la heshima yake. Nitajaribu kuyatenganisha. Uamuzi utabaki kwenu.

Nianze na kaka. Huenda nyote wawili mmedhaniana vibaya. Yeye amesikia "risiti" akaelewa "mwizi". Wewe umesikia "rafiki wa Kariakoo" ukaelewa mtu mwenye begi kwenye kona ya mtaa. Je, umewahi kumuuliza kama rafiki huyo ana duka lenye leseni? Tangu Sheria ya Fedha za Kigeni ya 1992, biashara ya kuuza na kununua dola ni ya benki na maduka ya kubadilishia fedha yenye leseni ya Benki Kuu. Akiwa na leseni, risiti ni wajibu wake, na kuidai si tusi. Akiwa hana, basi hata awe mwaminifu kama nini, siku fedha zikileta utata hamna pa kushitaki, na mama wa miaka 67 anakuwa sehemu ya biashara ambayo sheria haiitambui. Benki Kuu ina tawi hapo hapo Mtwara. Haliwauzii watu dola za safari, lakini ukitaka kujua kama duka fulani lina leseni, hapo pa kuulizia pana watu.

Tena kaka hajakosea kila kitu. Ni kweli maduka yenye leseni ya Dar es Salaam mara nyingi yana bei nafuu kuliko dirisha la benki ya mkoani, kwa kuwa yako mengi na yanagombea wateja. Mwambie hivyo kabla ya kumwambia lolote lingine. Mtu akisikia jambo lake moja limekubaliwa, analisikiliza la pili.

Halafu kaeni na kalamu. Kwa bei ya 2,600, milioni tatu zinakupa dola 1,153. Kwa bei ya 2,540, zinakupa 1,181. Tofauti haifiki dola 28, kama shilingi 71,000 hivi. Fedha hizo si za kudharau, kwa mtu aliyeokota korosho zake moja moja chini ya mti. Lakini ziweke upande mmoja wa mizani, na upande wa pili uweke milioni tatu nzima, zikiwa mkononi mwa mtu wa nje kwa wiki sita, bila karatasi. Kaka akiiona hesabu hiyo kwa macho yake, pengine hutahitaji kumtaja mwizi wala injini. Injini usiitaje kabisa, nakuomba. Itamrudisha kwenye hasira, na ninyi mnataka arudi kwenye hesabu.

Njia zilizopo ninaziona tatu, na kila moja ina tundu lake.

Mnaweza kununua dola Mtwara kupitia benki. Nenda na pasi za kusafiria na tiketi, upewe risiti, mama aone kwa macho. Tundu ni kwamba tawi la mkoani halina noti za dola kila siku. Unakumbuka 2023 na 2024 dola zilivyoadimika nchi nzima? Siku hizi si kama wakati ule, lakini bado ni busara kupiga simu kabla, uulize wana kiasi gani na noti za aina gani, usije ukampandisha mama gari toka Tandahimba halafu mkaambiwa njooni Jumatatu.

Mnaweza kwenda na shilingi zenu hadi Dar, kaka awapokee, mwende wote watatu kwenye duka lenye leseni. Bei inaweza kuwa nzuri kama aliyoisema, na kaka anabaki na nafasi yake ya mwenyeji wa mjini. Tundu lake ni muda. Mkifika siku moja tu kabla ya ndege, gari likiharibika njiani kila kitu kinabanana. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara pale Somanga, watu wa kwetu walilala njiani. Mkichagua njia hii, ongezeni angalau siku moja, na isiwe sikukuu wala mwisho wa wiki.

Au mgawanye: nusu mnunue Mtwara mapema, nusu Dar. Bei ya dola hupanda na kushuka, na aliyegawanya haumii sana kwa upande wowote. Tundu ni usumbufu mara mbili, na mama kuona kwamba mnazungusha fedha zake.

Sasa kuna shimo kwenye hesabu yako ambalo nadhani hujaliona. Mmezungumza habari ya kubadili milioni tatu zote. Basi nauli ya basi ya watu wawili kutoka Mtwara hadi Dar, chakula cha njiani, malazi kama hamlali kwa kaka, teksi ya uwanja wa ndege, na kurudi vile vile, zinatoka wapi? Mtarudi mmechoka, na mizigo, saa ambayo huenda hakuna duka la fedha lililo wazi, na makondakta wa basi la Kusini wanataka shilingi. Ningeomba mtenge kwanza shilingi za nyumbani. Tuseme laki nne. Zinabaki 2,600,000, ambazo kwa bei uliyoambiwa ni dola 1,000 kamili. Namba hizi nazitumia kama mfano, ninyi mtaweka zenu.

Riyali ya Saudia ina jambo moja zuri kwa msafiri: tangu 1986 imefungwa kwenye dola, riyali 3.75 kwa dola moja. Maana yake ukitoa dola 100 kule Makka unajua unapaswa kupata karibu riyali 375. Duka likikupa 370 au zaidi kidogo, shukuru uende zako. Likikupa 340, chukua dola yako uvuke barabara. Mfundishe mama namba hiyo moja tu, 375, na hataibiwa hata ukiwa umelala hotelini. Kwa hiyo dola 1,000 zenu ni riyali zisizozidi 3,750. Na kwa bei hiyo hiyo ya 2,600, riyali moja inawagharimu kama shilingi 693. Ukiona kitu cha riyali 10, sema moyoni "karibu elfu saba". Inasaidia sana kule ambako kila kitu kinaonekana kina bei ndogo.

Tuzigawe. Uliza waliotangulia chakula chao kiliwagharimu kiasi gani. Tuseme kwa kula vya kawaida, bila mgahawa wa hoteli, ni riyali 50 kwa mtu kwa siku. Watu wawili, siku 12, ni 1,200. Zinabaki 2,550.

Fungu linalofuata hujalitaja kabisa kwenye barua yako, nami nataka nikae hapo kidogo. Magoti ya mama. Hukusema kama anaumwa, lakini ana miaka 67 na ameinama chini ya mikorosho maisha yake yote. Kati ya Safa na Marwa, vilima viwili ambavyo mwenye Umra hutembea kati yake, ni kama mita 450, na ni safari saba. Hizo ni zaidi ya kilomita tatu, baada ya kwisha mizunguko saba ya Kaaba, juu ya marumaru, katikati ya umati. Msikitini kuna viti vya magurudumu, kuna watu wa kusukuma kwa malipo na kuna vigari vya umeme vya kulipia, na siku za msongamano bei haishuki. Usimsubiri mama akwambie amechoka. Hatasema. Ataendelea kutembea kwa sababu amesubiri miaka hamsini, na usiku utamsikia akijigeuza kitandani. Mimi ningeweka riyali 600 na kuziandika kwa jina hilo hilo, magoti ya mama, ili asiwepo wa kuzigusa kwa ajili ya abaya ya mtu. Hata kama atatembea mwenyewe mwanzo hadi mwisho, Alhamdulillah, fungu litarudi.

Zinabaki 1,950. Usafiri mdogo mdogo na ziara ambazo hazimo kwenye kifurushi, muulize wakala kwa maandishi ni zipi, weka 350. Laini ya simu na vikorokoro, 150. Dharura, 750, na dharura maana yake ugonjwa au mzigo kupotea. Baada ya hapo mmebakiwa na riyali 700 za zawadi. Ukizigawa kwa majina 23, kila jina lina riyali 30, kama shilingi 21,000. Hakuna abaya hapo.

Sikuambii uwakate watu. Nakuuliza tu kama majina yote 23 yana uzito sawa. Wale wanne waliotoa fedha, hizo ni amana. Ziandike pembeni, zisichanganyike na za mama, na uwaambie mapema kwamba mtanunua kile kitakachotoshana na walichotoa. Wale 19 waliosema "usinisahau", wengi wao, nadhani, wanataka kusikia kwamba mama aliwataja kwenye dua. Tende kidogo kwenye karatasi na kikombe cha Zamzam wanapokuja kumpokea mama kitawatosha wengi. Wengine watanung'unika, sitakudanganya. Mtwara ni mji mdogo na mama anaishi na watu. Ndiyo maana "Inshaallah" ya mama inahitaji kuzungumzwa sasa: huenda yeye anaitoa kama adabu, na wewe unaisikia kama deni. Muulize anamaanisha lipi.

Hapa ndipo tunapofika kwenye sanduku lako la nguo.

Shilingi 1,200,000 ulizikopa kwa sababu ya nini hasa? Barua yako inasema uliona majina yanaongezeka. Nimepiga hesabu ya chakula, magoti, usafiri na dharura, na fedha za mama zinatosha kwa tahadhari. Kwa hiyo, nionavyo, mkopo huu umeukopa kwa ajili ya aibu. Sisemi kwa kukulaumu. Aibu ya kurudi mikono mitupu kutoka Makka ni aibu ya kweli kwetu huku, na mwanamke ndiye anayeibeba. Lakini laki mbili na ishirini kila mwezi kwa miezi sita zitatoka kwenye mshahara wa mwalimu mwenye watoto watatu, na shule zikifunguliwa Januari unajua kinachokungoja.

Unaweza kuzirudisha kikobani sasa kabla hazijaguswa, na uwaulize wenzako kama riba itapunguzwa. Utapumua, lakini utasafiri bila mto wa kuegemea. Unaweza kuziweka benki kwenye akaunti yenye kadi, zisibadilishwe kabisa, ziwe akiba ya mwisho ikitokea mama amelazwa. Zisipoguswa, unarudi na kulipa kwa mkupuo. Hapo riba ya 120,000 inakuwa bei ya usingizi wako, na ni wewe unayejua kama inafaa. Au unaweza kuzitumia kama ulivyokusudia, ukijua ni zawadi ambazo utazilipia hadi katikati ya mwaka. Juu ya kusafiri kwa ibada ukiwa na deni, mimi sina elimu ya kutoa fatwa. Muulize sheikh wa msikiti wenu, kwa jina lako au bila jina, usibaki kujihukumu usiku peke yako. Na mume wako, mwanangu, alikuongezea fedha za kifurushi. Mtu aliyefanya hivyo huenda ana masikio mapana kuliko unavyoogopa. Wewe ndiye unayemjua. Ila akija kulisikia kwa mwanakikoba sokoni, utakuwa na jambo la pili la kueleza.

Kuhusu kadi, mama ana haki yake. Fimbo ya mbali kweli haiui nyoka, na kadi huzuiwa, mashine humeza. Lakini fimbo zote kuwa kiunoni mwa mtu mmoja ndani ya umati wa watu nako ni hatari. Labda mama abaki na kibindo chake, chenye fedha za siku mbili tatu na heshima yake yote, nawe ubebe fungu jingine, na kadi iwe ya tatu. Kabla hamjaondoka, waambie benki kwamba utaitumia Saudia, uulize makato ya kutoa fedha nje. Kule mashine ikikuuliza utozwe kwa shilingi au kwa riyali, chagua riyali. Ukichagua shilingi, wanakupigia bei yao wenyewe, na mara nyingi ni mbaya.

Jirani asiwatishe. Kilichotangazwa Machi 2025 ni kanuni zinazozuia bidhaa na huduma za hapa nchini kupangiwa bei au kulipiwa kwa fedha za kigeni. Hazimzuii msafiri kubeba dola zake. Uwanjani, mwenye dola 10,000 au zaidi ndiye anayetakiwa kutoa taarifa forodhani. Ninyi mna elfu moja na risiti.

Mnapozipokea, zikague hapo hapo dirishani. Kataa iliyochanika, yenye wino, muhuri au maandishi. Noti za 100 zinazotembea bila maswali ni zile zenye rangi zilizotoka 2013, zenye utepe wa buluu uliofumwa ndani ya karatasi: ukiigeuza geuza, vijikengele vilivyomo vinabadilika kuwa 100. Za thamani ndogo chukua chache tu, maana maduka mengi hulipa noti ndogo kwa bei ya chini.

Kaka nisingependa abaki pembeni. Mpe kazi ambayo akiikosa safari inayumba: kuwapokea, kusimama na mama dukani, kukaa na nakala za pasi zenu, kuwa ndiye mtakayempigia mkikwama. Kama mazungumzo yenu wawili yanawaka kila mkianza, kwetu Kusini bado tuna mjomba, na neno la mjomba mama analisikia. Amkalishe kila mtu mkekani, daftari katikati, na fedha zihesabiwe kwa sauti. Hatari ni kwamba mjomba naye ana maagizo yake, au atasimama na kaka. Mpime kwanza.

Nimeziacha dola za baba mwisho kwa sababu nadhani ndizo zinazokuuma kuliko injini na kikoba. Marekani haijafuta noti zake za zamani. Dola 300 za mama ni fedha halali mpaka leo. Ila sura kubwa zilianza 1996, na za kabla ya hapo maduka na benki nyingi huku kwetu hazizitaki, kwa kuwa ni vigumu kuzikagua na vigumu kuziuza tena. Kaka anaweza kuzunguka nazo Dar kwenye benki kubwa, kwa nafasi, na pengine atapata wa kuzichukua kwa bei pungufu. Mnaweza kwenda nazo Makka zikakataliwa tena, safari hii mbali na nyumbani, mbele ya msikiti. Mnaweza kuziacha koponi. Lolote mtakalochagua, kwenye daftari msizihesabu. Na hilo mama anapaswa kulisikia kwako, polepole, mkiwa wawili. Asilisikie kwa dada mwingine wa dirishani.

Lakini kabla hujamwambia hazihesabiki, muulize baba alipompa zile noti alisema nini, na yeye alikuwa amepanga kuzinunulia nini Makka. Kama ni sadaka kwa jina la baba, riyali 30 kutoka kwenye fungu la zawadi zinaweza kutolewa kwa mkono wa mama mwenyewe, kwa jina hilo hilo, noti zikiwa salama Tandahimba. Kama ni kitu kingine, atakwambia. Nenda Jumamosi, bila kaka, bila daftari, na kopo la maziwa liwe katikati yenu.